Kusafiri kwa Mtumbwi Wakati wa Baridi

Ndugu, wewe unayekaa karibu na machimbo ya dhahabu, samaki unayemnunua sokoni ametoka mbali. Watu wa Butembo na Beni hushuka Kyavinyonge, kwenye Ziwa Edward, kumtafuta. Wavuvi humvua usiku kwa mitumbwi. Tena wako wanaovuka mito asubuhi na mizigo yao, ukungu ungali juu ya maji. Somo hili ni la hao wote. Ukiisha kulisoma, msomee jirani asiyejua kusoma.

I. Baridi inaua namna gani?

Wengi husema: «Kwetu hakuna barafu, maji hayawezi kutuua kwa baridi.» Wanajidanganya. Mwili wa mtu una joto la nyuzi 37. Maji ya ziwa yana joto dogo kuliko hilo, na mito inayoshuka toka milimani ni baridi zaidi. Maji yanaondoa joto la mwili upesi kuliko hewa, karibu mara 25. Hata usipoanguka majini, nguo iliyolowa na upepo wa usiku vitakuchosha vivyo hivyo.

Baridi ni kama mwizi. Kwanza unatetemeka. Kisha vidole havishiki kafi. Kisha unasema ovyo kama mlevi. Mtu akiacha kutetemeka naye bado ni baridi, usifikiri amepona: hapo hatari imezidi. Basi fanya akili ungali pwani, kwa maana majini baridi itakunyang'anya mikono na akili pia.

II. Kabla ya kuondoka

1. Tazama mbingu na mawimbi. Upepo ukiwa mkali, ngoja. Samaki wa kesho wapo.
2. Vaa sweta ya sufu na kofia. Nguo kavu uzitie katika mfuko usioingia maji.
3. Kila mtu avae gile la kuokoa tangu pwani. Gile la kukaliwa halimwokoi mtu.
4. Usipakie kupita kipimo. Tarehe 3 Oktoba 2024, katika Ziwa Kivu, mashua iliyotoka Minova ilizama karibu na bandari ya Kituku, Goma. Ilikuwa imejaa mno. Watu wengi walikufa, na pwani walikuwa wakiiona kwa macho.
5. Kula chakula cha moto. Usinywe kasikisi wala pombe nyingine. Pombe inaleta damu kwenye ngozi. Unasikia joto, kumbe joto linatoka.
6. Mwambie mtu wa nyumbani saa ya kurudi kwako.

III. Mtumbwi ukipinduka

Maji ya baridi yatakukata pumzi. Usiogope, weka kinywa juu ya maji, ungoje pumzi itulie. Shika mtumbwi, maana mtumbwi wa mti unaelea hata ukipinduka. Panda juu yake kama waweza. Usiuache ili uogelee mpaka pwani. Pwani inaonekana karibu, lakini nguvu zinaisha njiani. Kama huwezi kupanda, na gile umelivaa, kunja magoti mpaka kifuani. Mkiwa wengi, shikaneni, watoto wawe katikati.

IV. Kumsaidia aliyetolewa majini

Mlaze mahali pasipo upepo. Mvue nguo zilizolowa, mkaushe polepole, mfunike blanketi mpaka kichwani, uso ukiwa wazi. Mtu mwingine amkumbatie ndani ya blanketi. Usimsugue mikono na miguu, wala usimweke karibu sana na moto mkali. Akiwa macho na akiweza kumeza, mpe chai ya moto kidogo yenye sukari. Akiwa hana fahamu, usimpe kitu kinywani. Mpeleke hospitali upesi. Kama hapumui, anayejua kumpulizia pumzi aanze papo hapo.

Maulizo

1. Kwa nini pombe haileti joto la kweli?
2. Mtu ameacha kutetemeka, naye bado ni baridi. Maana yake nini?
3. Mtumbwi umepinduka, nawe unaiona pwani. Utafanya nini?
4. Katika mtumbwi wa kwenu, magile ni mangapi, na watu ni wangapi?