Safari za Mama Maria na Umri wa Bibi Yako



Somo letu leo ni habari ya maisha ya mama mmoja mzee. Jina lake Maria Nyerere. Wengi wetu tunamjua kuwa ni mke wa Mwalimu, basi. Tukiishia hapo tutakuwa hatujasoma kitu. Chukua daftari na kalamu. Kila ukikuta mwaka, uandike pembeni. Baadaye tutafanya hesabu moja inayotuhusu sisi wenyewe hapa Kibondo na Kasulu.

Mama Maria alizaliwa Baraki, mkoani Mara, tarehe 31 Desemba 1930. Baba yake aliitwa Gabriel Magige. Jina lake la nyumbani ni Waningu. Nchi ilikuwa chini ya Waingereza, na msichana aliyepelekwa shule alikuwa mmoja kati ya wengi. Yeye alipelekwa. Alisoma Nyegina, karibu na Musoma, kwa Masista Weupe. Akapelekwa Ukerewe, na Ukerewe ni kisiwa ndani ya ziwa, hufiki huko kwa miguu. Kutoka huko akaenda Sumve, katika nchi ya Wasukuma, akajifunza ualimu. Kisha akarudi Nyegina, safari hii akiwa ndiye mwalimu.

Hebu tusimame kidogo. Miaka ile hapa Buha nani alikuwa akisafiri? Walikuwa wanaume. Walikwenda Tanga kukata mkonge, wakaitwa manamba. Wengine walikaa miaka, wengine hawakurudi kabisa. Wanawake walibaki na jembe, watoto na wakwe. Kwa hiyo msichana wa Mara kuvuka ziwa na sanduku la vitabu halikuwa jambo dogo.

Mwaka 1952 Julius Nyerere alirudi kutoka masomoni Edinburgh, Uingereza. Mwaka 1953 wakafunga ndoa. Wakahamia Pugu, karibu na Dar es Salaam, mume akifundisha shule ya misheni. Tarehe 7 Julai 1954 TANU ikaanzishwa. Mwaka 1955 Nyerere akatakiwa achague ualimu au siasa. Akaacha kazi.

Sasa fikiri kama mtu mwenye nyumba. Mshahara umekatika, watoto ni wadogo, mume yuko kwenye mikutano. Watoto wale walikuja kufika wanane. Mama Maria alifanya nini? Walipohamia Magomeni alifungua duka dogo, akauza yeye mwenyewe. Vitabu vingi hulitaja duka lile kwa mstari mmoja tu. Mimi naona lilistahili kurasa kadhaa. Niliposoma habari hii darasani, mama mmoja aliyekaa nyuma alicheka akasema, "Kumbe Uhuru nao ulipikiwa ugali!" Darasa zima likacheka, lakini tulijadili neno hilo mpaka jua likazama.

Uhuru ulipatikana tarehe 9 Desemba 1961. Baadaye Mama Maria, mke wa Rais sasa, alikuwa na mradi wa kuku. Likaja Azimio la Arusha mwaka 1967, likawakataza viongozi kuwa na miradi ya kujitajirisha. Mradi ule wa kuku ukaachwa. Wapo wanaosema Azimio lilikuwa kali mno. Sitaamua ugomvi huo hapa. Ila naona ni haki tukumbuke kuwa sheria ya mume ilianza kubomoa banda la mke wake.

Mwalimu aling'atuka urais mwaka 1985, wakarudi kuishi Butiama. Tarehe 14 Oktoba 1999 alifariki London, mkewe akiwa naye huko, akazikwa Butiama. Wajane wengi huanza kukaa ndani tu. Huyu alianza safari nyingine.

Mwaka 2005 Kanisa Katoliki lilianza kuchunguza maisha ya Mwalimu, kuona kama anastahili kutangazwa mwenye heri. Kwa sasa huitwa Mtumishi wa Mungu. Kwa miaka mingi Mama Maria alikwenda Namugongo, Uganda, kusali pamoja na mahujaji wa Tanzania kwa ajili ya jambo hilo. Namugongo ndipo Karoli Lwanga na wenzake walipochomwa moto tarehe 3 Juni 1886 kwa amri ya Kabaka Mwanga, kwa kuwa walikataa kuacha dini. Mwaka 1964 Papa Paulo wa Sita aliwatangaza mashahidi 22 kuwa watakatifu. Kumbuka pia kwamba mwaka 1978 na 1979 Tanzania ilipigana na majeshi ya Idi Amin. Mjane wa Amiri Jeshi wa vita ile akawa anakwenda Uganda na rozari mkononi, na Waganda wakampokea kama mama yao.

Mwisho wa mwaka 2020 alitimiza miaka 90. Tunajua hivyo kwa sababu tarehe yake imeandikwa. Hapa ndipo somo linapotuhusu.

Mwaka fulani nilimpeleka bibi yangu kwenye zahanati moja. Kijana wa dirishani akamwuliza, "Bibi, una miaka mingapi?" Bibi akajibu, "Mingi." Akaombwa karatasi, hana. Akatozwa pesa. Lakini Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inasema mzee ni mtu wa miaka 60 na zaidi, na asiye na uwezo atibiwe bure. Uso wenye makunyanzi haukutosha. Nililipa, na njiani hatukuzungumza.

Siku iliyofuata nilikwenda parokia kuomba kutazama kitabu cha ubatizo. Vitabu vya zamani viliandikwa Kilatini, lakini usiogope, tarakimu ni zilezile. Nilikuta jina lake, la wazazi wake, la msimamizi wake, na tarehe. Angalia lakini: siku ya kubatizwa siyo siku ya kuzaliwa. Kama alibatizwa mtu mzima, umri uliandikwa kwa kukisia.

Je, kama bibi yako ni Mwislamu, au hakubatizwa? Tumia matukio. Muulize polepole, siku nyingi, siyo kama polisi. Wakati wa Uhuru, 1961, alikuwa msichana, au alikuwa na mtoto mgongoni? Watu walipohamishiwa vijijini katika Operesheni Kigoma, kuanzia mwaka 1972, alikuwa na watoto wangapi? Wakimbizi wa Burundi walipoingia kwa wingi mwaka 1993, alikuwa na wajukuu? Tuseme mwaka 1961 alikuwa na mtoto wa kwanza, na alizaa akiwa na miaka kama 18. Toa 18 katika 1961, unapata 1943. Andika "karibu 1943" na uandike pia sababu. Peleka karatasi hiyo kwa mtendaji wa kijiji, uombe barua ya utambulisho. Habari za kusajili kizazi kilichochelewa utazipata ofisi ya Mkuu wa Wilaya.

Sasa jibuni haya katika kikundi. Mama Maria alikuwa na miaka mingapi alipoolewa? Ilikuwa imepita miaka mingapi tangu ndoa yake alipofiwa na mumewe? Duka la Magomeni lilisaidia nini katika kudai Uhuru? Na mwisho, kila mtu peke yake nyumbani: bibi yako alizaliwa mwaka gani? Usiandike "zamani".