Kufuli na Jina la Nyumba

Hapa kwetu Masanze mwenye bando akifungua hotspoti ili awagawie wenziwe, simu yake imekwisha kuwa mtandao usio na waya. Mawimbi yake hayakomi ukutani. Hutoka dirishani mpaka uani, na aliye karibu huweza kuyapokea. Hivyo hayana budi kufichwa.

Ufichaji wa kwanza, ulioitwa WEP, ulivunjwa na wataalamu mwaka 2001. Ukaja WPA2 mwaka 2004, na WPA3 mwaka 2018. Chagua huo wa mwisho kama simu zenu zinaukubali, au WPA2, na neno la siri liwe refu. Jina la mtoto hubahatishwa upesi. Mwaka 2017 Mathy Vanhoef, mtaalamu wa Ubelgiji, alionyesha kuwa hata WPA2 ina tundu. Likazibwa kwa kusasisha programu. Basi mwenye simu ya kabla ya hapo anayekataa kuisasisha kwa kuogopa kumaliza bando, tundu lake li wazi bado.

Sasa kivinjari. Wengi wakiona alama ya kufuli hutulia. Lakini kufuli husema jambo moja tu: kwamba unayoyapeleka hayasomwi njiani. Haisemi aliye mwisho wa njia ni nani, maana hata mwizi hupata kufuli, tena bure! Kwa kuwa watu walikuwa wakiielewa vibaya, Google waliiondoa katika Chrome mwaka 2023.

Mwenye nyumba hujulikana kwa anwani, nayo husomwa kwa kuanzia mwisho. Tuchukue matokeo ya Kidato cha Nne, wakati ambapo kila mzazi ana haraka. Anwani ya Baraza la Mitihani ni necta.go.tz, na hiyo go.tz ni ya taasisi za Serikali. Ruka https://, nenda mpaka mstari wa mshazari unaofuata, kisha rudi nyuma: maneno yanayougusa ndiyo ya mwenyewe. Na ukurasa ukikudai namba ya siri ya pesa za simu ili uone matokeo, ufunge mara moja. Baraza huyaonyesha bure.

Zoezi: Anwani imeanza necta.go.tz, kisha ikaendelea kwa nukta na majina mengine mpaka .com. Je, ni ya Serikali? Toa sababu.