Kiolezo, Programu-jalizi na Dhana ya Mwinuko: Uundaji wa Viwambo vya Chumba cha Rubani

Utangulizi
Makala haya yananuia kueleza jinsi viwambo vya chumba cha rubani vinavyoundwa katika kiigizi, yaani programu ya kompyuta inayoiga safari ya ndege. Aidha, yanadai kwamba usahihi wa kiwambo hutegemea usahihi wa istilahi za mwundaji wake. Mfano wetu ni altimita, ala inayomwonyesha rubani mwinuko wa ndege, katika X-Plane, kiigizi kilichotolewa mara ya kwanza mwaka wa 1995.

Kiolezo na programu-jalizi
Kiolezo ni umbo lililoandaliwa tayari: duara la ala, tarakimu zake na akrabu zake. Mwundaji huweza kubadilisha rangi au ukubwa bila kuanza upya. Hata hivyo, kiolezo pekee ni mfano wa saa iliyochorwa ukutani. Akrabu zake hazisogei. Kinachozisogeza ni programu-jalizi, programu ndogo inayoongezwa katika kiigizi ili isome data zake na kuzipeleka kwenye kiwambo mara nyingi kwa kila sekunde. Kila data ina jina lake, na ni juu ya mwundaji kuamua jina lipi liunganishwe na akrabu ipi.

Utata wa neno 'mwinuko'
Hapa ndipo lugha inapoingia. Neno 'mwinuko' laweza kurejelea dhana tatu: umbali halisi kutoka usawa wa bahari, ambao X-Plane huutoa kwa mita, kipimo kinachosomwa kwenye altimita, kwa futi, na umbali wa ndege kutoka ardhini. Tuchukue ndege iliyoegeshwa katika Uwanja wa Kimataifa wa Jomo Kenyatta, Nairobi. Umbali wake kutoka ardhini ni sufuri. Mwinuko wake halisi ni takriban mita 1,620, na altimita iliyorekebishwa vyema husoma takriban futi 5,300. Mwundaji asiyegeuza mita kuwa futi ataiona akrabu ikisimama kwenye 1,620.

Kosa la pili limejificha zaidi. Altimita hukadiria mwinuko kwa kupima mgandamizo wa hewa, nao hubadilika kila siku. Kwa hiyo rubani hana budi kuirekebisha. Akikosea kwa hektopaskali 10, usomaji hupotoka kwa takriban futi 270. Kiwambo kilichounganishwa na mwinuko halisi hakipotoki kamwe, hata rubani asiporekebisha lolote. Mwanagenzi anayekitumia hupata mazoea mabaya, na katika ndege ya kweli inayokaribia kutua ukunguni, futi 270 zaweza kuwa tofauti kati ya uhai na mauti.

Hitimisho
Tunapendekeza istilahi tatu: 'kimo' kwa umbali kutoka ardhini, 'mwinuko halisi' kwa umbali kutoka usawa wa bahari, na 'mwinuko wa ala' kwa kinachosomwa kwenye altimita. Altimita ya kiigizi iunganishwe na huu wa mwisho. Kwa wanaistilahi, funzo ni kwamba dhana hutenganishwa kwanza, kisha ndipo hupewa majina. Kiswahili kina maneno ya kutosha kwa kazi hii. Kilichobaki ni sisi kuyagawia majukumu yake.