Tambi za Pakiti: Geuza Usome

Likizo iliyopita shangazi yangu, hapa Dunda, alimpangisha chumba mgeni aliyekuja kujifunza ngoma katika Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo. Siku ya kwanza mgeni yule alitueleza kwamba hali nyama, samaki, mayai, maziwa wala asali. Yaani hali kitu cho chote kitokacho kwa mnyama. Shangazi alishika kiuno: pwani hii, bila samaki, mtu atakula nini?

Jioni nilitumwa dukani, nikaleta tambi za pakiti zilizoandikwa "Ladha ya Mboga," zenye picha ya karoti. Maji yalikuwa yamekwisha chemka nilipoigeuza pakiti nikasoma maandishi madogo. Katika viungo vyake mlikuwa na unga wa maziwa! Niliona haya, kwani mgeni hula kwa kutuamini sisi. Hakioni kilichotiwa sufuriani. Basi nikaanza kuchunguza, na haya ndiyo niliyojifunza.

Tambi za namna hii zilianza kuuzwa Japani mwaka 1958, nazo zilibuniwa na Momofuku Ando. Hufanywa kwa unga wa ngano, maji na chumvi, hupikwa kwa mvuke, kisha nyingi hukaangwa katika mafuta, mara nyingi ya mawese, ili zikauke. Hapo hapana mnyama, ila baadhi hutiwa mayai. Mashaka makubwa yamo katika kile kipakiti kidogo cha viungo.

Yafaa kutazama mambo manne:

1. Jina la mbele si ushahidi. Tambi za "ladha ya kuku" huenda zisiwe na kuku hata kidogo, na za "mboga" zikawa na maziwa.

2. Soma orodha yote mpaka mwisho. Tafuta mayai, maziwa, samaki, kamba na mafuta ya kuku.

3. Angalia namba. E621 ni chumvi ya kukoleza ladha. Siku hizi hutengenezwa kwa kuchachusha vitu kama molasi ya miwa au wanga wa mihogo. Lakini E631 yaweza kutoka katika nyama au samaki, au ikapatikana kwa kuchachusha mimea, na namba haisemi ni ipi. E635 nayo ina E631 ndani yake. Hapo mwulize mtengenezaji, au iache.

4. Alama ya halali haitoshi kwa mtu huyu. Kuku aliyechinjwa kwa sheria ni halali, lakini ni mnyama vile vile.

Usiku ule kipakiti cha viungo tulikiweka kando. Tambi zenyewe hazikuwa na mayai, na mgeni tulimpa pakiti asome mwenyewe. Aliporidhika, shangazi alizipika kwa tui la nazi, vitunguu, nyanya na bizari. Mgeni alikula, akaomba aongezewe.

Wenzangu, kusoma kwetu kusiishie darasani. Kabla hujampa mtu chakula, geuza pakiti usome.