Wajane Waliorukwa: Mchango Wetu Unamfikia Nani?

Fungueni Matendo ya Mitume 6:1-7.

Kanisa la Yerusalemu lilikuwa bado changa, lakini tayari lilikuwa na utaratibu wa kuwahudumia wajane kila siku. Kisha yakaja manung'uniko: wajane wa Kiyunani wanarukwa. Angalieni vizuri hapo. Sadaka ilikuwepo, ila wengine haikuwafikia. Mitume hawakusema "tutawaombea" wakaishia hapo. Walitaka wachaguliwe watu saba wenye sifa njema, na majina ya wote saba, kuanzia Stefano mpaka Nikolao, ni ya Kiyunani. Inaelekea kazi ya kugawa walipewa watu walioijua lugha ya wale waliosahauliwa.

Sasa tuje kwetu Mpanda. Jimbo letu lilizaliwa mwaka 2000 kutoka Jimbo la Sumbawanga. Humu ndani tuko Wapimbwe, Wabende, Wakonongo, Wafipa, Wasukuma, na ndugu zetu wa Katumba na Mishamo ambao familia zao zilikimbia Burundi mwaka 1972. Tuna jumuiya ndogondogo, tuna WAWATA, tuna Caritas. Michango ipo. Swali ni lile lile la Yerusalemu: nani anarukwa?

Nimtaje mmoja: binti aliyezaa akiwa bado shuleni. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015-16 ulionyesha kuwa Katavi iliongoza nchi nzima: asilimia 45 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wameshazaa au ni wajawazito, wakati wastani wa taifa ulikuwa asilimia 27. Novemba 2021 serikali ikatangaza kwamba mabinti hawa wanaweza kurudi shuleni. Mlango umefunguliwa, sawa. Lakini nani atabaki na mtoto asubuhi? Sare, viatu na madaftari vitatoka wapi?

Hapo ndipo mchango unapofanya kazi. Bibi akipata debe la mahindi katika miezi ya kabla ya mavuno, hahitaji kwenda kibarua kila siku. Anabaki na mjukuu, binti anaenda darasani. Debe moja, vizazi vitatu.

Shida ni kwamba binti huyu mara nyingi haji jumuiya. Anaona aibu, na pengine mama yake naye ameacha kuja. Orodha ya wahitaji inaandikwa, jina lake halimo. Hakuna aliyesema anyimwe. Ameshasahaulika tu.

Wapo watakaouliza: "Frateri, kumsaidia si kuhalalisha dhambi?" Soma Yohane 8. Yesu alimwokoa kwanza yule mwanamke na mawe, ndipo akamwambia asitende dhambi tena. Tusigeuze mpangilio huo. Halafu mtoto mchanga ana kosa gani? Na yule mwanaume aliyempa mimba, mbona hatumuulizi?

Tushike mambo matatu.

Kwanza, tutoe kwa mpango. Paulo anawaelekeza Wakorintho waweke akiba kila siku ya kwanza ya juma (1 Kor 16:2). Kaya 20 zikitoa jero tu kila wiki, ni shilingi 10,000. Kwa mwaka ni 520,000. Hiyo jero wengi wetu tunaimaliza kwenye bando.

Pili, tutoe kwa uwazi. Paulo huyo huyo hakutaka alaumiwe kuhusu fedha za watu, akatuma ndugu wanaoaminika wazisimamie (2 Kor 8:20-21). Mweka hazina asome mapato na matumizi mbele ya wote. Majina ya waliosaidiwa si lazima yasomwe.

Tatu, tusimwaibishe anayepokea. Mtakatifu Thoma wa Akwino anafundisha kuwa kutoa sadaka ni tendo la upendo, na kupenda ni kumtakia mwenzako mema. Sasa ukimpiga picha binti akipokea kilo mbili za sukari, ukairusha status, hapo unatafuta mema ya nani? Mathayo 6:3 inatosha kutujibu.

Zoezi la wiki: kwenye jumuiya, kabla ya kuuliza "tuchange shilingi ngapi?", uliza "nani siku hizi haonekani?" Kisha muombe mama mmoja wa WAWATA mwende pamoja kumsalimia. Msiende kumhoji. Kaeni naye, msikilizeni, ndipo mjue anahitaji nini.

Tuombe: Ee Bwana, uliyemwona mjane pale sanduku la sadaka, utupe macho ya kuwaona wale tunaowaruka, na mikono isiyochoka kutoa. Amina.