Tovuti Isiyosomeka ni Mlango Uliofungwa

Mwaka jana chama chetu kiliweka mashairi kwenye tovuti ya shule. Tulizipiga picha kurasa, tukazipandisha, tukajipongeza. Kumbe! Mwenzetu asiyeona alipofungua, programu inayomsomea skrini ilitamka "picha, picha, picha," basi. Shairi lake mwenyewe lilikuwamo humo! Niliona haya, maana kazi ile niliifanya mimi.

Nilijifunza haya. Kwanza, maandishi yachapwe, yasipigwe picha. Pili, kila picha ipewe maelezo mafupi ya maneno. Tatu, herufi zionekane wazi: mwongozo wa kimataifa wa WCAG 2.0, wa mwaka 2008, unataka weupe na weusi wa herufi za kawaida na mandhari yake upishane kwa uwiano wa 4.5 kwa 1 au zaidi. Kijivu juu ya nyeupe huwatesa wengi. Nne, kiungo kiseme kinakokwenda. "Bonyeza hapa" haimwelezi mtu kitu.

Tulichapa yote upya. Mwenzetu alilisikiliza shairi lake, akatabasamu, kisha akaniambia, "Mshororo wa tatu umenipunguzia mizani mbili." Nikarekebisha mara moja. Asiyeweza kusoma, atakusahihishaje?