Kingamwili na Nyuzi za Kati za Seli

Kamba ya mkonge iuzwayo Kariakoo, Dar es Salaam, hupata nguvu kwa kusokotwa: nyuzi nyembamba nyingi huungana kuwa kitu kisichokatika upesi. Ndani ya seli za wanyama mna kamba za namna hiyo. Huitwa nyuzi za kati, kwa kuwa unene wake, kiasi cha nanomita 10, uko kati ya ule wa nyuzi za aktini (7) na ule wa mirija midogo ya seli (25). Kazi yake mojawapo ni kuizuia seli isipasuke inapovutwa.

Nyuzi hizo si za protini moja mwilini mote. Seli za ngozi na za utando wa utumbo zina keratini. Misuli ina desmini. Seli za tishu unganishi zina vimentini.

Tofauti hizo hudhihirishwa kwa kingamwili. Sungura akidungwa desmini ya mnyama mwingine, mwili wake huweza kutengeneza kingamwili ziishikazo protini hiyo. Mwaka 1975, Georges Köhler na César Milstein, huko Cambridge, walivumbua njia ya kupata kingamwili za aina moja tu kwa wingi. Kingamwili hufungamanishwa na rangi, hutiwa juu ya kipande chembamba cha tishu, kisha kipande huoshwa. Zilizonasa hubaki na rangi yake, nazo huonekana kwa hadubini.

Elimu hii huokoa maisha. Saratani huharibu umbo la seli, lakini mara nyingi haifuti aina ya nyuzi zake. Katika Hospitali ya Taifa Muhimbili, si mbali na Kariakoo, hutibiwa watoto wenye saratani. Uvimbe wa misuli na limfoma iliyoelezwa na Denis Burkitt nchini Uganda mwaka 1958 huweza kufanana, kwani vyote huwa na seli ndogo za mviringo. Desmini ikionekana, dalili huelekea kwenye misuli. Limfoma hiyo hutibiwa hasa kwa dawa. Uvimbe wa misuli kwa kawaida huhitaji pia upasuaji au mionzi.

Hata hivyo, kingamwili moja haitoshi kutoa hukumu. Hutumika kadhaa pamoja.

Zoezi: Kwa nini mpimaji hupima pia kipande cha msuli wenye afya, na kingine kisichotiwa kingamwili ya desmini?